Kompyuta Inapowaka na Kioo Kubaki Cheusi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, ukumbini, mbele ya wanafunzi wote.)



Kwanza kabisa natoa shukrani zangu kwa kupewa heshima ya kusimama mahali hapa. Zamani nilipoitwa kusimama mbele ya ukumbi huu haikuwa kwa heshima, na wenzangu wa bweni letu wanajua sababu.

Ndugu Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma na maendeleo ya taifa. Nilimwomba radhi. Maneno hayo vijana hawa wameyasikia mara nyingi, na nadhani wataendelea kuyasikia. Nimechagua jambo dogo, lakini lilinigharimu: nini kifanyike pale unapobonyeza kitufe cha kompyuta, ikawaka, nacho kioo kikabaki cheusi. Mkivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba utumishi wa umma nao umo ndani yake.

Watu wa rika langu watakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 shule hii ilikuwa na kompyuta moja tu. Ilikaa katika chumba cha katibu muhtasi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuigusa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kompyuta nilijifunza hapa. Lakini katika maabara ya fizikia nilijifunza kitu ambacho baadaye, nilipokihitaji sana, nilikuwa nimekisahau.

Mwalimu wetu wa fizikia alitupa betri, waya na balbu tuunganishe sakiti. Balbu ya kundi letu haikuwaka. Mara moja tukakimbilia sandukuni kuchukua balbu nyingine. Mwalimu akatuzuia. Akasema, "Anzeni kwenye betri. Fuateni waya kwa kidole, kiungo kwa kiungo, mpaka mfike kwenye balbu." Tulifuata, tukakuta waya umelegea kwenye swichi. Balbu tuliyotaka kuitupa ilikuwa nzima kabisa.

Sasa nisimulieni jinsi nilivyolisahau somo hilo. Mwaka 2013 nilikuwa afisa utumishi katika ofisi ambayo sitaitaja. Tulikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyohifadhi muhtasari wa utumishi wa watu wetu: tarehe ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, vyeo na mishahara. Muhtasari huo ndio tuliotumia kuandaa mafao ya wanaokaribia kustaafu. Majalada ya karatasi yalikuwepo masijala, lakini baadhi yalikuwa yamechanika na mengine yamepotezewa barua. Kompyuta ile ilikuwa na kazi ya miaka mitatu ya karani mmoja mwenye subira kubwa.

Asubuhi moja iliwaka, feni ikazunguka, taa ikaonekana, lakini kioo kikabaki cheusi. Karani aliniita. Nikaizima, nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha. Kisha nikaandika dokezo lenye sentensi moja, nami nalikumbuka mpaka leo: "Fundi aitwe, aifute diski na kupiga Windows upya." Nikatia saini.

Fundi alikuja, akaifungua, akapuliza vumbi, akasukuma hiki na kile. Ilipowashwa tena kioo kikaleta picha. Yeye hakuambiwa tatizo ni nini. Alikuwa ameambiwa dawa. Akafanya kama nilivyoandika. Akafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Nakala ya kumbukumbu zile hatukuwa nayo mahali pengine popote.

Baada ya wiki mbili kioo kikawa cheusi tena. Safari hii alikuja fundi mwingine, mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliuliza, "Ilianza lini? Inalia? Feni inazunguka?" Akachomoa kijiti cha kumbukumbu, kile kiitwacho RAM, akakisugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, akakirudisha na kukikandamiza mpaka kikaita "tik". Picha ikaja. Kazi yote haikufika dakika kumi. Ndipo nilipotambua kwamba ile diski haikuwa na kosa lolote. Tulikuwa tumetupa balbu nzima.

Kuzipata tena zile kumbukumbu kutoka kwenye majalada kulituchukua miezi saba. Katika miezi hiyo alikuwepo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye mafao yake yalikwama kwa sababu hatukuwa na tarehe ya kuthibitishwa kwake kazini. Alikuja ofisini mara nne, kwa basi, kila mara akilala kwa ndugu yake. Mara ya nne aliniuliza kwa adabu, "Mwanangu, hivi kompyuta yenu imepona?" Nilimjibu kwamba imepona. Sikumwambia kwamba ugonjwa wake ulikuwa vumbi, wala kwamba aliyempotezea kumbukumbu zake ndiye aliyekuwa akizungumza naye.

Hicho ndicho kisa changu, Ndugu Mwenyekiti. Sasa naomba niwaeleze vijana njia ambayo nimeifuata tangu wakati ule. Ni ile ile ya mwalimu wetu: tunaanza kwenye betri, na tunafuata waya mpaka kwenye jicho.

Swali la kwanza: je, mashine ina uhai? Tazama taa, sikiliza feni, weka kiganja usikie upepo. Kama hakuna hata dalili moja, usifikirie Windows wala virusi. Tatizo ni umeme. Chomeka chaja ya simu katika soketi ile ile uone kama inapokea. Iache ekstensheni, uchomeke ukutani moja kwa moja. Kandamiza waya unaoingia nyuma ya mashine, maana huo hulegea sana. Tazama swichi ndogo iliyo karibu nao.

Katika baadhi ya kompyuta za zamani, hasa zile za mitumba zilizotoka Marekani, kuna swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka huku swichi ikiwa kwenye 115 utasikia mlio na kunusa moshi, na hapo hotuba yangu haitakusaidia. Itazame kabla ya kuchomeka.

Kwa kompyuta mpakato, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Nimeona mashine nyingi zilizotangazwa kufa zikirudi kwa njia hiyo.

Swali la pili: mashine ina uhai, lakini picha hakuna. Je, kosa ni la mashine au ni la kioo? Kioo cha kompyuta ya mezani ni chombo kinachojitegemea. Kina waya wake wa umeme, swichi yake na kebo yake ya picha. Chomoa kebo hiyo pande zote mbili, uirudishe. Kama mashine imeongezewa kadi ya picha, nyuma yake utaona matundu mawili ya kebo. Picha aghalabu hutokea kwenye ile kadi, si kwenye tundu la zamani. Kama kioo kina milango kadhaa, hakikisha kimechagua mlango uliouchomeka.

Kwa kompyuta mpakato, chukua tochi, zima taa ya chumbani, umulike kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu kama kivuli, basi kompyuta inafanya kazi na kilichozimika ni taa ya nyuma ya kioo. Pengine mwanga ulipunguzwa kwa vitufe tu. Au iunganishe na televisheni kwa kebo ya HDMI. Televisheni ikionyesha picha, mashine ni nzima na mafaili yako ni salama, na gharama itakuwa ya kioo peke yake.

Kama televisheni nayo inabaki nyeusi, sikiliza mlio. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, mashine za namna hii hujikagua zenyewe kila zinapowashwa, kabla ya kuanza kazi yoyote. Zikikuta kosa na hakuna picha ya kulieleza, nyingi hulia kwa milio mifupi au mirefu. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo hesabu milio hiyo, iandike, kisha tafuta maelezo ya mashine yako. Mashine inayolia inakueleza inapoumwa, na mimi mwaka ule wala sikusikiliza.

Sababu mojawapo ya kawaida ni hiyo RAM. Chomoa waya wa umeme kwanza. Gusa chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwilini mwako utoke. Fungua vishikizo, toa kijiti kwa kukishika pembeni, safisha miguu yake taratibu kwa kifutio kilicho safi, futa chenga zote, kirudishe mpaka vishikizo vifunge. Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja. Hapo hapo utaona kibetri cha duara kilichoandikwa CR2032, cha volti 3. Hicho hutunza saa na mipangilio ya mashine. Kompyuta ikirudi nyuma miaka mingi katika tarehe kila inapowashwa, kibetri hicho kimechoka, nacho hakina gharama kubwa.

Hapa nawaonya, vijana. Kile kisanduku cha umeme kilicho ndani, pawasaplai, msikifungue kabisa. Hali kadhalika vioo vya zamani vyenye mgongo mkubwa. Vyombo hivyo huhifadhi umeme ndani hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua.

Swali la tatu: je, nembo ya mtengenezaji inatokea kwanza, ndipo giza linaingia? Kama ndivyo, furahini. Umeme umefika, kumbukumbu inafanya kazi, na kioo kinaona. Kosa lipo katika mfumo endeshi au katika programu ya kuendeshea picha, ile mafundi wanayoiita draiva. Chomoa kwanza flashi, printa na kila kilichochomekwa, maana wakati mwingine kompyuta hujaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahauliwa. Kama Windows ilikuwa ikijisasisha, ipe muda.

Ukiona mshale wa kipanya juu ya weusi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha likitokea, chagua kuanzisha kazi mpya, uandike explorer.exe. Katika Windows 10 na 11, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa pamoja huanzisha upya draiva ya picha. Kitufe cha Windows pamoja na P hubadili mahali picha inapopelekwa. Nimewahi kukuta ofisi nzima imesimama kwa sababu picha ilikuwa ikipelekwa kwenye projekta iliyochukuliwa jana yake.

Hayo yakishindikana, iko hali ya usalama, ambapo Windows huanza na vitu vichache tu. Ikiwa Windows inashindwa kuanza, ukiizima kwa kitufe katikati ya kuwaka mara mbili au tatu, yenyewe huleta ukurasa wa matengenezo. Ingia katika mipangilio ya kuanzia, iwashe upya, uchague namba 4. Picha ikija katika hali hiyo, ondoa draiva au programu iliyowekwa karibuni, kisha uwashe kama kawaida.

Wapo watakaosema kwamba njia hii ni ya polepole, na kwamba kupiga Windows upya ndiyo mkato. Nawakumbusha tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa, na kompyuta zenye Windows zikashindwa kuwaka duniani kote. Microsoft ilikadiria kwamba zilikuwa takriban milioni 8.5. Ndege hazikuruka, na mabenki na hospitali zikakwama. Vioo vya siku ile vilikuwa vya buluu, si vyeusi, lakini funzo ni lile lile. Dawa iliyotangazwa haikuwa kufuta diski. Ilikuwa ni kuingia katika hali ya usalama na kuondoa faili lenye kosa, kisha kuwasha upya. Na mashine nyingi zilifanyiwa hivyo kwa mkono, moja moja.

Hivyo swali la nne, ambalo ni la mwisho, huulizwa kabla mtu yeyote hajagusa diski: ndani mna nini, na nakala yake iko wapi? Kama hakuna nakala, diski itolewe, iwekwe katika kasha la USB, ichomekwe kwenye kompyuta nzima na mafaili yanakiliwe kwanza. Kwa mashine nyingi kazi hiyo haizidi alasiri moja. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, utahitaji ufunguo wake wa tarakimu 48. Kwa hiyo huo nao uandikwe na kuhifadhiwa wakati mashine ingali nzima. Na nakala ya kazi yenu ikae mahali pawili zaidi, pamoja nje ya jengo. Sisi tulikuwa na kompyuta moja na matumaini.

Jambo jingine ni hili: mnapomwita fundi, mwelezeni mlichokiona, msimwandikie dawa. Mgonjwa akifika zahanati haagizi sindano. Anasema anaumwa wapi na tangu lini. Laiti dokezo langu la mwaka 2013 lingesema, "Inawaka, feni inazunguka, kioo ni cheusi, haijafutwa wala isifutwe," yule mwalimu mstaafu angesafiri mara moja.

Ndugu Mwenyekiti, asubuhi ya leo Mkuu wa Shule alinionyesha chumba cha kompyuta. Ni chumba kizuri, na waliokichangia wamo humu ukumbini. Lakini kwenye kona nilikuta mashine sita zimepangwa juu ya nyingine, zimebandikwa karatasi zilizoandikwa "mbovu". Nikaomba vijana wanne wa Kidato cha Tatu wabaki nami. Tulianza kwenye soketi. Mashine ya kwanza kebo yake ya picha ilikuwa imelegea. Ya pili ilihitaji kusafishwa RAM. Ya tatu inalia milio mirefu, na vijana wameiandika. Kengele ya paredi ikalia kabla hatujafika ya nne. Mashine mbili zinafanya kazi sasa hivi, na hatukununua kitu.

Kwa hiyo, kabla chama chetu hakijachanga fedha za kompyuta mpya, naomba tuanze na hizi. Nimeleta mchango wangu mdogo, nao uko katika kiboksi hiki: bisibisi tatu, brashi laini, tochi, vifutio viwili, vibetri vitano vya CR2032, kasha moja la USB la kusomea diski, na daftari kubwa lenye jalada gumu. Daftari ndilo la muhimu kuliko vyote. Kila mashine iwe na ukurasa wake: tarehe, kilichoonekana, kilichojaribiwa, kilichopatikana. Nimejaza kurasa tatu za kwanza pamoja na wale vijana wanne. Ukurasa wa nne una namba ya mashine na tarehe ya leo tu, na naomba mmoja wenu auendeleze kesho baada ya vipindi.